Kidude Kinachokohoa

Kinyozini, tarehe 3 Machi

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo uliyompa dereva wa lori la unga imenifikia, na marahaba yako hii hapa. Huku tu wazima. Dada yangu, yaani mama yako, goti limepoa, na kwa kuwa limepoa amerudia kupanda juu ya stuli kufuta vumbi la kabati, kwa hiyo tunasubiri limuume tena. Kuku wake mmoja amehamia kwangu. Analala kwenye kiti cha wateja, na nikimfukuza ananitazama kama mimi ndiye mgeni.

Sasa tuje kwenye kidude ulichonitumia.

Kwanza ahsante. Ni kinyozi gani mwingine mtaani hapa ana mpwa wa kumtumia nyimbo tele ndani ya kitu kidogo kuliko kipande cha sabuni? Nimemwonyesha kila mteja, hata ambao hawakuuliza. Lakini mimi na wewe hatufichani: kidude hiki kina matatizo ya tabia. Ulisema umenijazia nyimbo za ujana wangu. Nilizozikuta ni za vijana wanaopiga kelele kama waliobanwa vidole na mlango. Na mkono wa kinyozi hufuata sikio lake. Wimbo ukienda mbio, na mkasi nao huenda mbio. Mwalimu mstaafu, unamjua, aliingia hapa na masharubu yake kamili, nikamaliza upande mmoja kabla wimbo haujaisha, ikabidi tuondoe na wa pili ili kuwe na haki. Sasa anafanana na mdogo wake, na hao wawili hawasalimiani.

Halafu zile waya za masikioni. Juzi nilikuwa namnyoa fundi viatu, nikasikia "kacha", muziki ukafa. Nilikuwa nimezikata waya zote mbili kwa mkasi wangu mwenyewe, kifuani pangu mwenyewe. Fundi viatu alicheka mpaka ikabidi nisimamishe kazi. Fundi redio wa mlango wa pili akanisaidia, amekiunganisha kidude na ile spika kubwa ya redio yangu ya zamani. Sasa mtaa mzima unasikia.

Na hapo ndipo penye swali. Kidude hakina mpangilio, kinarukaruka, wimbo huu, mara ule. Lakini kila baada ya muda kinatoa kitu ambacho si wimbo. Hakuna ngoma wala gitaa. Kuna mtu anakohoa, kisha anasema, "Dada wa mizani, mimi si mtu wa maneno mengi." Halafu anasema maneno mengi sana. Ni mchezo wa redio? Kama ni mchezo, mwigizaji ni dhaifu, lakini wateja wamempenda. Wanataka kujua mwisho wake, maana anakatika njiani.

Nijibu upesi.

Mjomba wako

*

Kiwandani, tarehe 16 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mpe mama shikamoo yake na umwambie ashuke kwenye stuli. Mimi ni mzima. Tanuri limenichoma kidogo kwenye kiwiko, lakini si kitu. Mikate inaenda vizuri. Wameniweka meza ya kukata madonge, zamu ya asubuhi. Ninayakata, yanapelekwa mizani, yakipungua uzito yanarudishwa kwangu. Yanarudishwa mara kwa mara.

Kuhusu kidude, kina hitilafu. Hiyo sauti ni hitilafu ya kiwandani kabisa, inatokea kwenye baadhi ya vidude, nimeulizia. Tafadhali usiisikilize tena. Kizime, kifunge ndani ya gazeti, mpe dereva aniletee. Usimwambie ndani kuna nini. Na siku hiyo usimnyoe.

Nadhani nilichanganya. Nilinunua viwili, cheusi na cheusi, nikakutumia changu na nikabaki na chako. Nyimbo zako ziko kwangu huku. Mjomba, hivi kila mwimbaji wa ujana wako alikuwa ameachwa? Nimesikiliza tangu nyimbo za mwanzo, sijakutana na hata mmoja aliyepokelewa.

Umesikia mpaka wapi? Sina sababu ya kuuliza. Nauliza tu.

Mpwa wako

*

Kinyozini, tarehe 28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako ameanguka kutoka kwenye stuli, hakuumia, amemwangukia kuku. Kuku naye hakuumia, ila amekasirika, amerudi kwangu na hisia zake.

Hitilafu yako inaendelea vizuri. Jana ilitueleza kwamba haivuti sigara na kwamba ina kitanda, meza na pasi. Hapo pakatokea ugomvi. Mwalimu mstaafu anasema mtu hatangazi kitanda mbele ya binti wa watu, kitanda kiondolewe kwenye hotuba, ibaki pasi. Fundi viatu anasema kitanda kibaki, maana kinaonyesha mtu mwenye mipango, na kwamba pasi ndiyo ya kuondoa, kwa sababu mwanamke akisikia pasi anajiuliza ni nani atapiga. Wamebishana mpaka mteja niliyekuwa namnyoa akageuza kichwa ghafla kuunga mkono upande mmoja, na alama ipo, nitaificha wiki ijayo nywele zikiota.

Siwezi kukirudisha. Watu wanafika kabla sijafungua. Wakishanyolewa hawaondoki. Yupo mmoja ana upara kamili, anakuja tu. Nikikizima watanifungulia kesi.

Na samahani, dereva amenyolewa hapa Ijumaa. Ulisema nisimnyoe, lakini nywele zilikuwa zimemfunika masikio, ningemwacha vipi? Hitilafu ikatokea akiwa kitini. Alisikiliza mpaka ikakatika. Akauliza, "Huyu mtu anafanya kazi wapi?" Nikamwambia ni hitilafu ya kiwandani. Akasema, "Kiwanda gani?"

Mjomba wako

*

Kiwandani, tarehe 5 Aprili

Mjomba, shikamoo. Salamu nyingine baadaye.

Dereva amefika leo. Ameshusha magunia, amekuja moja kwa moja mpaka mezani kwangu, amesimama mbele yangu akakohoa. Kikohozi kile kile. Halafu akacheka mpaka akakaa juu ya unga.

Mizani iko hatua chache tu kutoka meza yangu. Yeye alikuwepo. Aliinua macho, akauliza, "Kuna nini?" Dereva akasema, "Hakuna kitu, dada, ni vumbi la unga tu," kisha akanikonyeza.

Mjomba, umenivua nguo hadharani. Unajua au hujui ile sauti ni ya nani? Niambie ukweli.

*

Kinyozini, tarehe 19 Aprili

Mpwa wangu,

Ukweli huu hapa. Nilijua tangu kikohozi cha kwanza, kabla hujasema neno.

Nani alikulea? Baba yako alipofariki ukaletwa hapa na mama yako, ukawa unakaa kwenye kile kigoda karibu na ndoo ya maji. Kila ulipotaka kitu ulikohoa kwanza. Ukitaka maji unakohoa. Ukitaka viatu vipya unakohoa wiki nzima, halafu unasema, "Hapana, mjomba, hakuna kitu." Mimi nilikuwa nakununulia viatu kwa kufuata kikohozi. Sasa huyo dada wa watu hajui kusoma vikohozi, na mimi siko hapo kumtafsiria.

Nimekutania kupita kiasi, najua, nisamehe. Lakini nilipokusikia kwenye ile spika ukisema kwamba akirudisha donge lako unafurahi kwa kuwa mkono wake wenye unga umekugusa, niliweka mkasi chini nikatoka nje. Niliwaambia wateja nimeingiwa na nywele jichoni. Nilikuwa na hamu nawe, mwanangu. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kutokirudisha kidude.

Wateja hawajui kuwa ni wewe. Fundi viatu anahisi. Mwenye upara anajua, lakini yeye ni mtu wa siri, ndiyo maana simjui hata kazi yake.

Sasa niambie na wewe. Umekwishamwambia? Na kama bado, unangoja nini?

Mjomba wako

*

Kiwandani, tarehe 11 Mei

Mjomba, shikamoo tena, na pole kwa kukaa kimya. Nilinuna kwanza, kisha nikasoma barua yako mara nyingine, nikashindwa kuendelea kununa.

Mambo yako hivi. Ile hotuba niliirekodi nikitembea kutoka kazini, kwa sababu nikiwa mbele yake maneno yananiruka yote. Nilitaka kujisikiliza nirekebishe. Badala yake nikakutumia wewe, na mtaa mzima ukarekebisha.

Lakini kile kidude chako kilichobaki kwangu kimefanya mambo ya ajabu. Siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma nikisikiliza waimbaji wako walioachwa. Akapita. Akauliza nasikiliza nini. Sikuweza kusema, nikampa waya moja. Akakaa. Akasikiliza, akasema, "Baba yangu alikuwa na huu wimbo." Tangu siku hiyo kila mapumziko anakuja, waya moja sikioni kwake, moja kwangu. Waya ni fupi, mjomba. Aliyezitengeneza alikuwa mtu mwema.

Tatizo ni moja. Kila nikifungua mdomo, anainua kidole: "Ssh, ngoja uishe." Wimbo ukiisha, unaanza mwingine. Nami niliambiwa dukani kwamba kidude kinabeba nyimbo nyingi sana, na nikafurahi kama mjinga! Kila ninapopata nafasi, wimbo mpya umeingia. Nikikizima, ataondoka. Nikikiwasha, siwezi kusema. Nimejifungia mwenyewe ndani na ufunguo nimeumeza.

Na sasa ngoja nikwambie linaloniuma. Kiwanda kinafungua tawi jipya, mbali, na yeye ndiye ameteuliwa kusimamia mizani zote za huko. Aliiomba nafasi hiyo mwenyewe. Ataondoka mwezi ujao. Nimempongeza. Nimetabasamu. Nimekata madonge yangu yote yakiwa mazito kupita kiasi, hakuna hata moja lililorudishwa siku ile.

Asipojua kabla ya kuondoka, basi tena, atakwenda na mimi nitabaki na hawa waimbaji wako, na safari hii nitakuwa naelewa wanachoimba.

Nirudishie hotuba yangu, mjomba. Nitampa aisikilize yeye mwenyewe. Yeye si anapenda kusikiliza? Kitanda na pasi vitabaki hivyo hivyo, sina muda wa kurekebisha.

Mpwa wako

*

Kinyozini, tarehe 24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Kidude kimo ndani ya gazeti hili, amekibeba dereva. Nimemwapisha. Ameapa kwa usukani wake kwamba hatakohoa tena mbele ya watu.

Baada ya barua yako niliwaambia wateja ukweli. Niliona si haki wakuombee pasipo kujua wanamwombea nani. Fundi viatu akasema alijua. Mwalimu mstaafu akasema kama angejua ni wewe asingekukosoa vile, angekukosoa zaidi. Mwenye upara alisimama, akanipa mkono, akakaa.

Kuna jambo dogo lilitokea jana na kidude wakati wa kukiaga. Si la kuandikwa kwenye barua. Utaliona mwenyewe. Kile kitufe chekundu pembeni, unapaswa kuwaambia watu kazi yake kabla hujawatumia zawadi.

Nakushauri, usimpe akisikilize kabla hujakisikiliza wewe. Tena ningekuwa wewe nisingempa kabisa. Ningetumia mdomo.

Mama yako anasalimu. Anauliza kwa nini nimekuwa nikichekacheka. Sijamwambia.

Mjomba wako

*

Kinyozini, tarehe 12 Juni

Mpwa wangu,

Vipi? Dereva anasema alikukabidhi mkononi. Zaidi ya hapo hasemi kitu, tangu aapishwe amekuwa mgumu, ukimuuliza habari za hali ya hewa anakataa.

Umesikiliza? Umemwambia? Ameondoka? Hapa spika iko kimya na watu wanakaa wakiitazama. Mwalimu mstaafu ameanza kuotesha masharubu kwa wasiwasi. Mimi nimepata kidonda cha tumbo, au ni maharage.

Andika hata mstari mmoja.

Mjomba wako

*

Kiwandani, tarehe 27 Juni

Mjomba, shikamoo.

Huu mwandiko huujui, lakini mimi sauti yako naijua vizuri. Wewe ndiye unayesema, "Nyamazeni, nyamazeni, hivi kitufe hiki kidogo chekundu ni cha nini?" Mimi ndiye dada wa mizani. Mpwa wako yuko hapa pembeni, anatazama ukuta. Nimemwambia safari hii barua naandika mimi.

Kwanza nikupe salamu. Mimi ni mzima, wazazi wangu pia, na baba anauliza kama unaweza kumpatia majina ya wale waimbaji. Mama mpe shikamoo yangu. Goti lake nalijua, stuli nayo naijua.

Nikueleze ilivyokuwa. Ilikuwa siku yangu ya mwisho kwenye meza hii. Mapumziko yakafika, tukakaa kwenye ngazi kama kawaida, na katikati ya wimbo kidude kikaishiwa chaji. Kwa mara ya kwanza pakawa kimya kati yetu. Nikamtazama. Akakohoa. Nikangoja. Msimamizi akamwita, trei zinatoka tanurini, akaruka kama aliyeokolewa.

Nilimfuata mpaka ndani kumuaga. Alikuwa ameshika trei ya mikate ya moto kwa mikono miwili, na nikaona kwenye mfuko wa aproni kidude kingine, cheusi vile vile. Nikasema, "Kumbe unacho cha pili!" nikakichomoa. Mjomba, sijawahi kuona mtu akipiga kelele bila kutoa sauti. Hakuweza kunizuia, angemwaga mikate. Nikakichomekea waya za kile kilichoishiwa chaji, nikaziweka masikioni, nikabonyeza.

Nilitegemea wimbo. Nikasikia mashine ya kunyolea. Nikasikia kuku. Halafu mtu mmoja, nadhani ni mwalimu wenu, anasema, "Akitaja kitanda mbele ya binti wa watu, namkana." Mwingine anasema, "Kitanda ni mipango!" Mwingine anapiga meza. Nikasikia jina langu la kazini likitajwa na watu nisiowajua hata mmoja, dada wa mizani hivi, dada wa mizani vile, dada wa mizani asimkatalie kijana wetu. Nikasikia wewe, mjomba, unasema kwamba ni mtoto mzuri ila amezoea kununuliwa viatu bila kuomba. Mtu mmoja mwishoni, sauti nzito, hakusema chochote katika mabishano yote, yeye akasema tu, "Mwacheni aseme mwenyewe," na kikakatika.

Hotuba yake haikuwamo. Mliifuta yote na kurekodi juu yake. Yeye anasema aliligundua hilo siku kidude kilipofika, akawa anakibeba mfukoni bila kujua la kufanya.

Nilizitoa waya. Nikamuuliza, "Hawa watu wote wananijua kutoka wapi?" Trei ilikuwa bado mikononi, mikate inafuka. Msimamizi anaita. Akafungua mdomo na kuongea. Hakukohoa. Trei ilikuwa inamchoma na hakuiweka chini mpaka alipomaliza, sasa amefungwa bandeji viganja vyote viwili, na hiyo ndiyo sababu ya pili ya mimi kuandika barua hii.

Nilimjibu. Nilimwambia kwenye tawi jipya nitakwenda, hiyo kazi nimeipigania na siiachi kwa ajili ya mtu, hata mwenye pasi. Nilimwambia pia kwamba huko wanatafuta mtu wa tanuri, na kwamba ameniudhi kwa kunyamaza muda wote huo, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nasema "ngoja uishe", kwa sababu niliogopa nyimbo zikikatika angenyanyuka akaondoka. Ameomba nafasi hiyo. Wamempa. Tutapita kwenu kwanza, mwezi ujao, tuonane na mama, na nywele za shingoni nani ataninyoa kama si wewe.

Dereva ameniambia kwamba barua za huku siku hizi zinasomwa kwa sauti hapo kinyozini, na kwamba mtakaa wote, mwalimu, fundi viatu na yule mzee mwenye upara, ambaye nampa shikamoo ya peke yake. Basi najua mnangoja nini. Mnataka kujua alisema maneno gani.

Hayakurekodiwa. Niliyasikia mimi tu.

Siwaambii. Endeleeni kunyoa.

Mkweo,
dada wa mizani